Majina Saba Ukutani kwa Paskalina

Vijana wangu, naomba kwanza mpunguze kunitumia picha za mikataba. Juzi nilikuwa shambani huku Gitting napalilia viazi, simu ikalia mara sita mfululizo, nikatupa jembe nikijua kuna msiba. Kumbe ni kijana mmoja wa Dongobesh aliyemaliza chuo cha urubani. Alikuwa amepiga picha mikataba miwili, ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba chake kikionekana pembeni, na mwisho akaandika: "Shikamoo babu. Hawa wanaanza na hela nzuri. Hawa wanaanza na hela ndogo ila wanasema kuna kupanda. Nisaini wapi?" Chini yake akaweka kale kauso kanakocheka mpaka machozi.

Nimerusha ndege mpaka umri ukanitoa kwenye kiti, na hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Hakuna anayeniuliza namna ya kutua upepo ukitoka ubavuni. Wote wanataka kujua mshahara wa kuanzia. Siwalaumu, maana nami nilianza hivyo hivyo, tena nilikuwa na haraka kuwazidi. Nitawaeleza ilivyokuwa, ila nitazunguka kidogo, kwa sababu ni mstaafu na sina abiria wanaonisubiri.

Kwetu ni Masieda, Mbulu. Mfadhili mmoja alinilipia sehemu kubwa ya chuo, akaishiwa zikiwa zimebaki saa za mwisho za kuruka, zile ambazo bila hizo leseni haitoki. Baba akauza ng'ombe tisa. Ningependa kusema walikuwa ng'ombe wa baba, lakini hapana. Walikuwa wametengwa kwa ajili ya mahari ya kaka yangu mkubwa, Bura, aliyekuwa amechumbia binti wa kijiji cha Maretadu anayeitwa Paskalina, fundi cherehani mwenye mkono mzuri na ulimi mkali. Kwa hiyo siku nilipopata leseni mimi nilikuwa rubani, na Bura alikuwa kapera.

Kungekuwa na nafuu kama baba yake Paskalina angekubali mahari ya kidogo kidogo kama wazee wengine. Alikataa kabisa. Mkwe wake wa kwanza alileta ng'ombe wawili, akaahidi wengine, na tangu siku hiyo akimwona mzee mnadani anajificha kwenye nguo za mitumba. Mzee akaapa kwamba binti wa pili atatoka siku ng'ombe tisa watakapoingia zizini kwake wakiwa wameongozana.

Basi, kampuni mbili zikaniita, zote kwenye uwanja mdogo wa ndege Arusha, mabanda yao yametenganishwa na uzio wa waya tu. Majina yao nayaacha. Moja ndege zake zilikuwa na mkia mwekundu, nyingine mkia wa bluu. Wale wa mkia mwekundu walinipa mshahara wa kuanzia ambao niliusoma mara nne nikidhani sifuri moja imeingia kwa bahati mbaya. Kwa mshahara ule ng'ombe tisa wangerudi ndani ya mwaka mmoja. Wale wa bluu walinipa nusu yake, hela ya kutosha chumba, ugali na rangi ya viatu. Juu yake walitaka nifungwe kwao miaka minne, kwa kuwa wao ndio wangenifundisha ndege zao.

Hata hao wa bluu sijui kwa nini walinitaka, kwa jinsi nilivyofanya kwenye jaribio. Aliyenijaribu alikuwa Kapteni Kiondo, mtu mnene, mpole, mwenye kukohoa kabla ya kukukosoa. Tulipokaribia uwanja akaniambia niongee na mnara wa kuongozea ndege. Nikabonyeza redio, ikaitika sauti nzito ya mtu mzima, mzee kabisa. Sasa niambieni, mtoto wa Mbulu aliyelelewa vizuri anaanzaje kumtajia mzee kimo cha ndege kabla ya salamu? Ulimi ulikataa. Nikasema shikamoo mzee. Yule mzee wa mnarani, ambaye naye bila shaka alilelewa vizuri, akaitika marahaba na kuniuliza habari za nyumbani. Nikamweleza kwamba mvua si mbaya na maharage yameanza kutoa maua. Nyuma yetu kulikuwa na ndege ya watalii inazunguka angani ikisubiri tumalize.

Kapteni Kiondo alikohoa. Akaniambia kwamba huku juu hakuna wazee, kuna namba za ndege, na mtu nitamsalimia nikishazima injini. Nimewafundisha vijana wengi neno hilo, na bado wale wanaotoka kwetu huwa nawaona midomo ikitetemeka wakisikia sauti ya mzee.

Sasa kosa langu kubwa. Nilimwandikia baba barua kwamba nimechagua mkia mwekundu na mambo ya Bura yamekwisha. Ningeishia hapo. Lakini nilitaka kujionyesha, nikataja na wale wa bluu, na ili mzee aelewe ule mkataba wa miaka minne nikaandika kwamba wanataka niwekwe kwao kama ng'ombe anavyowekwa kwa mtu. Kwa mgeni nieleze: kwetu mtu hafugi ng'ombe wake wote nyumbani. Wengine anawaweka kwa rafiki, mara nyingi mfugaji wa tambarare za Hanang. Rafiki anakunywa maziwa, ndama wanabaki wako. Na kabla hujamwacha ng'ombe wako kwenye boma la mtu, unakwenda kwanza kulikagua. Siku nane baadaye baba na Bura walishuka Arusha na basi, baba na fimbo yake na blanketi begani, wamekuja kukagua maboma.

Nilitamani ardhi inimeze. Mlinzi alimwamkia baba, karani akamwamkia baba, na kabla sijasema neno meneja wa mkia mwekundu, kijana wa tai, naye alikuwa ameshika mkono wa mzee kwa mikono miwili. Baba hakuuliza habari ya mshahara. Aliomba aonyeshwe rubani aliyekaa hapo muda mrefu kuliko wote. Wakamwonyesha mtu mmoja amekaa juu ya tairi la ndege anakunywa chai. Baba akamzunguka taratibu, akamtazama mpaka visigino, kama anavyomtazama ng'ombe mwenye historia asiyoijua. Akamuuliza ana miaka mingapi hapo. Kumi na mmoja. Siku anafika alirusha ndege gani? Yule bwana akanyoosha kidole kwenye ndege ndogo ya injini moja. Na leo? Akanyoosha kidole pale pale. Mshahara umebadilika? Yule bwana akacheka, akasema ulianza vizuri sana.

Tukazunguka uzio. Kwa mkia wa bluu aliyekaa muda mrefu hakuwepo, alikuwa amepeleka abiria Mwanza na ndege kubwa kuliko zote walizokuwa nazo. Ukutani kulikuwa na karatasi yenye majina ya marubani kwa foleni ya kuajiriwa, wa zamani juu, wapya chini, na pembeni ya kila jina ndege aliyoanza nayo na aliyonayo sasa. Bura aliisoma yote kwa sauti, mstari kwa mstari, mafundi wakaacha spana zao wakawa wanasikiliza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa palepale alipoanzia.

Baba alikaa kwenye kivuli cha bawa akanywa maji. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kueleza habari ya mwaka mmoja na ng'ombe tisa. Akaninyamazisha kwa fimbo.

"Kule kuna maziwa mengi leo," alisema. "Hapa kuna ndama. Lakini ng'ombe waliouzwa ni wa Bura. Mimi sisemi. Aseme yeye."

Bura alikuwa na miaka thelathini na mbili. Wenzake wote walikuwa na watoto wa kuchunga. Aliangalia upande wa mkia mwekundu kwa muda, kisha akaniangalia mimi.

"Nenda bluu, mdogo wangu," alisema. "Sikuuza mahari yangu ili ukae juu ya tairi. Paskalina nitamwambia mwenyewe."

Nilitia saini nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja. Hilo la kumwambia Paskalina, Bura alisimulia baadaye kwamba alilifanya akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu ndani kulikuwa na mikasi. Paskalina alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza swali moja tu, kwamba huyo mdogo wako atakuwa kapteni lini. Maana hela ya ng'ombe ilikuwa kwenye ukapteni. Mshahara wa rubani msaidizi ungeleta kwato tu. Bura akamjibu kwamba inategemea walio mbele yake kwenye foleni. Wako wangapi? Saba. Paskalina akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akamwambia ataje majina, akayaandika ukutani juu ya cherehani yake, kuanzia juu kwenda chini, na chini kabisa akaandika Emanueli, ambaye ni mimi.

Hapo ndipo Maretadu ilipoingia kwenye usafiri wa anga. Kila aliyekuja kupunguziwa suruali aliuliza hiyo orodha ni ya nini, na akishaelezwa hawezi tena kukaa bila habari. Kila mwezi niliandika barua: nani kahama, nani kapanda, nani anaumwa. Inasomwa pale kwenye cherehani, Paskalina anafuta jina kwa kitambaa chenye maji, na watu wanapiga makofi. Kapteni wa pili alipopata kazi Uarabuni, zilipikwa makande. Wa nne alipovunjika mguu kwenye mpira wa miguu akafutwa kwa haraka, halafu mguu ukaunga, ikabidi arudishwe, na kina mama wawili wa jumuiya ya kanisa wakalalamika kwamba maombi yamechezewa. Walikuwa wakiomba kila wiki kwamba makapteni wote wapate kazi nzuri zaidi mbali na hapa. Niliwaonya wasiombe mabaya. Wakaniambia hawaombi mabaya, wanawaombea mema, ila ya haraka.

Mwaka wa pili kampuni ilimleta kapteni kutoka nje ikamchomeka juu yangu. Barua hiyo niliiandika kwa woga. Nilijibiwa kwamba wazee watatu wa Maretadu wanauliza nauli ya kwenda Arusha ni kiasi gani, kwa sababu foleni ni foleni. Nilifanya kazi kubwa ya kuwazuia. Lakini ninyi chukueni hilo: kabla hujasaini, uliza kama vyeo vyao wanavijaza kwa watu wao wenyewe au wanaokota barabarani. Uliza walioondoka walikwenda wapi, kwa sababu kampuni ambayo watu wake wanachukuliwa na wakubwa ni tofauti na kampuni ambayo watu wake wanakimbia. Siku hizi mna makundi ya simu, mshahara wa kila kampuni unaujua kabla hujajua kufunga mkanda, lakini hayo maswali mawili siyaoni humo. Kwenye makundi yenu naona tarakimu na vicheko tu.

Mwaka wa tatu nilichoka. Nilikwenda nyumbani likizo nikamkuta Bura ana mvi juu ya masikio. Alinichinjia kuku. Na kwenye mfuko wangu nilikuwa na barua ya mkia mwekundu, wananitaka tena, mshahara ni ule ule mkubwa, nao wako tayari kulipa deni la mwaka mmoja uliobaki kwenye mkataba wangu. Nikaamua nitakubali. Nilitembea mpaka Maretadu kumpa Paskalina habari hiyo nzuri, nikitegemea shukrani na pengine chai.

Alizima cherehani. Majina ukutani yalikuwa yamebaki mawili juu ya langu.

"Emanueli, nimefuta watu sita hapa, pamoja na huyo wenu wa kuchomekwa," alisema. "Nimesubiri miaka mitatu. Ukihama leo, hiyo miaka mitatu nimemsubiri nani? Rudi kazini."

Kwa kweli niliondoka bila chai. Njiani niliichana ile barua ya mkia mwekundu, na nilijisikia vibaya sana, kwa sababu ndiyo kwanza nilielewa kwamba nilikuwa nikitaka kuhama ili mimi nipumzike na aibu yangu. Wao walikuwa wameshalipa. Mimi ndiye niliyekuwa nataka kutoka kabla ya ndama kuzaliwa.

Baada ya miezi mitano jina moja likaondoka, likabaki la mwisho, na la mwisho lilikuwa la Kapteni Kiondo. Hapo pakawa pagumu. Kampuni ilikuwa imempa nafasi ya mkufunzi mkuu, akae ofisini Arusha afundishe na kupima, na yeye mwaka mzima alikuwa anakataa. Alipenda kiti chake cha kushoto, ndicho cha kapteni, alipenda mawingu, alipenda samaki wa Mwanza. Nilimheshimu mno, nisingeweza kumwambia aondoke. Kwenye barua zangu niliandika tu kwamba huyu hatoki, tuvumilie.

Asubuhi moja tulikuwa tunasubiri abiria wapande. Kiondo akakohoa.

"Paskalina ni nani?"

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, iliyoandikwa kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyezoea kuandika vipimo. Paskalina alikuwa amemwamkia vizuri, akamuuliza hali ya familia, akamweleza habari ya ng'ombe tisa na ukuta, akamwambia kwamba jina lake limebaki peke yake na kwamba analiangalia kila siku akishona. Hakumwomba aondoke. Alimwuliza tu, kwa heshima, kama anafikiria kukaa hapo muda gani, maana yeye ana miaka ishirini na tisa na angependa kujua apange vipi. Mwisho alimwandikia vipimo anavyotakiwa kutuma kama atapenda kushonewa suti.

Kiondo aliniuliza kama ni kweli kina mama wa Maretadu wanamwombea. Nikasema ni kweli. Akauliza wanamwombea nini hasa. Nikasema mema, ya haraka. Tulipokuwa juu ya mawingu akasema kwamba ana binti wa umri huo. Wiki iliyofuata alikubali ukufunzi.

Mnadhani hadithi inaishia hapo. Kiti cha kushoto kinahitaji mtihani, na mtahini wangu sasa alikuwa ni huyo huyo Kiondo. Nilikwenda kichwa kimejaa mawazo, nikiona ng'ombe tisa mbele ya kioo badala ya njia ya kutua. Nikashuka kwa kasi, nikasahau ukaguzi mmoja, nikagusa ardhi kama mtu aliyeangusha gunia la viazi. Akanifelisha. Nikamwambia, kapteni, wanasubiri.

Alikohoa muda mrefu. "Paskalina aliniuliza nitakaa muda gani," alisema. "Hakuniomba nikupitishe."

Barua ya mwezi huo sitaki hata kuikumbuka. Paskalina alijibu kwa mstari mmoja, kwamba nisome. Nikasoma, nikarudia, nikafaulu, na niliposhika kiti cha kushoto mshahara wangu uliupita ule wa mkia mwekundu ukauacha mbali. Hela nilizikusanya kwa miezi michache. Ng'ombe niliwanunua mnadani Katesh nikiwa na baba, aliyekataa kumi na wawili kabla ya kukubali tisa, na mfugaji mmoja alikasirika mpaka akatuambia tukanunue pikipiki.

Siku ya kuwapeleka Maretadu tulitembea nao wakiwa wameongozana, kama mzee alivyoapa. Mtaa wote ulitoka. Kiondo alikuwepo, ndani ya suti ya Paskalina iliyomkaa vizuri kuliko sare ya kampuni, na kina mama walikuwa wakinong'ona kwamba kumbe ndiye huyu, tena mnene hivi. Baba mkwe alihesabu ng'ombe kwa kidole, akarudia kuhesabu, akaitikia kwa kichwa akafungua lango la zizi.

Bura alisimama pembeni yangu. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mvi zimefika katikati ya kichwa, na koti lake limepigwa pasi mpaka linang'aa. Ng'ombe wa kwanza aliingia, wa pili, wa tatu. Kufikia wa sita mimi nilikuwa nalia, si kilio cha kiume cha kufuta jicho moja, nalia kwa mabega. Nilitaka kumwambia kaka yangu kwamba ile miaka minne sitaweza kuirudisha, hata ningemnunulia Hanang nzima. Akanishika mkono kwa nguvu, bila kunitazama, macho kwenye zizi.

"Nyamaza," alisema kwa sauti ya chini. "Watadhani tumeazima ng'ombe."